Mama wa Kutembeza

Niliolewa Nuu nikitoka Matiliku, na vijana wa siku hizi nikiwaambia hivyo hawaoni cha kushangaza. Kote ni Ukambani, wanasema. Ni kweli. Lakini miaka ile ya sabini, kutoka kwetu hadi huko ulipanda basi, ukalala kwa mtu njiani, ukapanda basi jingine, kisha ukamalizia kwa lori la ng'ombe au kwa miguu yako mwenyewe. Mtu akishafika alikuwa amefika. Hakuna aliyesema atarudi wikendi.

Mume wangu alikuwa bwana mifugo. Alikuwa mtu mpole na alinipenda, lakini kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe wa watu, na ng'ombe wa watu walikuwa mbali. Akienda upande wa Tseikuru sikumwona mpaka nguo alizoondoka nazo zimebadilika rangi kwa vumbi. Mimi nilibaki na mama yake. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyasema akiwa amenipa mgongo, akipepeta ndengu au akifunga ndama.

Shida yangu kubwa ilikuwa mdomo wangu. Kikamba cha kwetu Makueni na kile cha upande huu wa Mwingi ni ndugu, lakini ni ndugu waliolelewa na mama tofauti. Kila nikisema neno, mashemeji walitazamana. Wengine walilirudia kama nilivyolisema, wakicheka mpaka wakashika magoti. Hawakuwa na nia mbaya, najua sasa. Wakati ule niliona afadhali kunyamaza, na mwanamke mgeni akinyamaza watu husema ana maringo.

Nilimtamani mama yangu. Sikutamani kitu kikubwa kutoka kwake, nilitamani kumsikia akiimba vibaya. Kanisani kwetu mama aliimba na akina mama wenzake, na siku zote alimaliza wimbo wakati wengine wameshaketi. Nikiwa msichana nilikuwa naona aibu, naangalia chini. Nikiwa Nuu, nikichota maji kwenye shimo la mchanga wa mto mkavu, nilikuwa namtafuta kichwani mwangu akiwa peke yake kwenye ule mstari wa mwisho, macho yamefumbwa, hana habari kwamba wimbo umekwisha.

Siku moja asubuhi nilikuwa nakoboa mahindi ya muthokoi kwenye kinu, nikasikia hodi kwa Kiswahili. Nikainua kichwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amejifunga leso mbili, na mgongoni ana mzigo mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Aliubeba kwa mshipi wa ngozi uliopita kwenye paji la uso. Sufuria zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine, na juu yake furushi la nguo.

"Karibu," nikamwambia. "Wewe ni nani?"

"Mimi ninatembeza," akasema, kana kwamba hilo ndilo jina lake.

Akautua mzigo polepole, akasugua paji la uso palipokuwa na alama ya ule mshipi, kisha akafungua furushi chini ya paa la ghala. Kulikuwa na leso, masega, sindano, nyuzi, sabuni za kipande, shanga, na vijiko vilivyong'aa. Mama mkwe akaja, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Nikauliza bei ya leso moja. Yule mama hakunijibu. Aliniangalia.

"Wewe si wa huku," akasema. "Hiyo sauti ni ya upande wa chini. Ni wapi kwenu?"

"Matiliku."

"Matiliku!" Akapiga makofi mara moja. "Si huko ndiko ninanunua vyondo siku ya soko? Mimi nakaa Emali. Kwenu ni upande gani? Wa kanisa ama wa mto?"

Nikamwelekeza. Nikamwambia nyumba ya mabati iliyo na mchungwa mlangoni, na mama mnene kidogo anayeuza vyondo chini ya ukuta wa duka la mwisho. Sijui ni nini kilinipata. Nilikuwa naongea mbio mbio, na nilipofika kwa mama nikakatiza. Nikarudi kwenye kinu, nikatwanga kwa nguvu ili mama mkwe asione uso wangu.

Yule mama aliniacha nitwange. Alimuuzia mama mkwe sufuria kwa ndengu na jogoo, akafunga mzigo wake. Alipokuwa anajitwika akaniambia, "Nikirudi Emali nitapita soko lenu. Kuna neno unataka nimpe mama?"

Nikasema, "Mwambie niko salama."

"Hilo tu?"

"Mwambie nimejifunza kuchota maji ya mchanga."

Alipoondoka, mama mkwe alimtazama mpaka akaishia kwenye vichaka. "Mwanamke anayezunguka hivyo hana kwao," akasema, akaingia ndani.

Mvua za vuli zilikuja zikapita. Nilikuwa nimeshamsahau, au nilikuwa najiambia nimemsahau, aliporudi. Safari hii hakufungua mzigo kwanza. Alisimama wima mbele yangu, mikono kando, kama mtoto anayekariri shairi mbele ya darasa, akaanza kusema kwa Kikamba. Kikamba chake kilikuwa na lafudhi ya Kikuyu, lakini maneno hayakuwa yake.

"Mwanangu, Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, mguu tu ndio unasumbua wakati wa baridi. Ile mbuzi yako imezaa pacha. Maji ya mchanga usiyanywe kabla hayajatulia kwenye mtungi. Na umheshimu mama wa huko, kwa sababu yeye ndiye mama aliye karibu."

Kisha akafumba macho na kuimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, akauvuta, akauvuta, mpaka nikajua kabisa kwamba alikuwa ameketi karibu na mama yangu na kumsikiliza. Nilicheka huku nalia. Mama mkwe alitoka ndani kuona kuna nini. Alisimama mlangoni, akasikia yale maneno ya mwisho kuhusu mama aliye karibu yakirudiwa, maana nilimwomba yule mama ayaseme tena. Siku hiyo alimpa mgeni kiti, na akamletea uji mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka. Alikuja baada ya mavuno, watu wakiwa na kitu cha kubadilisha, na mara nyingine kabla ya Krismasi. Alishuka basi Mwingi, akazunguka vijiji vya Nuu, akapanda hadi Tseikuru, akarudi kwa njia nyingine. Nilimuuliza kwa nini asiuze huko huko Emali kwenye barabara kubwa, ambako magari hayaishi. Akasema huko kila mtu anauza, hakuna wa kununua. Huku watu wako mbali na duka, mtu akiona sindano tu anafurahi.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha katika shule ya msingi iliyokuwa karibu. Sikuwa nimesomea ualimu, lakini walimu walikuwa wachache, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kupita vizuri. Nilipewa watoto wadogo na somo la Kiswahili. Katika kitabu chetu kulikuwa na habari ya mchuuzi. Nikasoma: mchuuzi ni mtu anayechuuza bidhaa. Watoto wakaniangalia kama ng'ombe wanavyoangalia treni. Nikawauliza, "Nani amewahi kuona mchuuzi?" Hakuna. Nikasema, "Ni kama yule mama anayetembeza." Mikono yote ikapanda. Kila mmoja alimjua. Huyu alinunuliwa kalamu, yule mama yake alipata leso.

Kisha msichana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, anatembeza vitu vipi, na vitu havina miguu?"

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimelitumia lile neno miaka yote bila kuliangalia ndani.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa huko na serikali, na kila siku alikuwa akilalamika juu ya Kiswahili chetu. Nikamuuliza wakati wa chai. Alifurahi sana kuulizwa. Akanieleza kwamba kutembeza kumetoka kwa kutembea, kama vile kuogopesha kulivyotoka kwa kuogopa: ni kumfanya mwingine atembee. Unaweza kumtembeza mgonjwa, unaweza kumtembeza mgeni mjini, na ukizunguka na mali yako nyumba kwa nyumba, umeitembeza mali. Na kuchuuza, akasema, kwao kuna wazee wanaotamka kuchuruza, na yeye alidhani limetoka kwenye kuchuruzika, kama maji yanavyotoka kidogo kidogo, kwa sababu mchuuzi hauzi kwa gunia, anauza kwa kipimo. Hakuwa na hakika na hilo la pili. "Lakini wewe tumia kuchuuza," akaniambia. "Ndilo la kitabuni."

Yule mama alipokuja, nikamweleza swali la yule mtoto na jibu la mwalimu mkuu. Nilitaka kumfurahisha. Tulikuwa tumeketi kwenye kivuli cha nyumba, ananichagulia kitambaa cha kushona nguo ya mtoto, maana nilikuwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa mkononi.

"Huyo mwalimu amesema kweli," akasema. "Lakini mimi kwanza nilitembezwa."

Sikuelewa. Akanieleza, bila kupandisha sauti. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu, wazazi wake wakiwa vibarua. Wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, yeye akiwa msichana anayekaribia kuolewa, askari walikuja asubuhi wakawatoa watu wote nje. Walipakiwa kwenye malori, wakashushwa, wakatembezwa, wakapakiwa tena. Baba yake na kaka yake walitengwa upande wa wanaume, na huo ndio ukawa mwisho wa kuwaona. Yeye na mama yake walizungushwa kambi hadi kambi. Mambo yalipotulia hawakuwa na pa kurudi, kwa sababu shamba halikuwa lao. Mtu wa kanisa akawapeleka Emali, mama yake akapika chai ya kuuzia watu wa reli.

"Mama alipokufa," akasema, "nilijaribu kukaa hapo na birika. Nilishindwa. Miguu ilikuwa imezoea. Nikanunua sufuria, nikajiambia, sasa nitatembea lakini hakuna mtu nyuma yangu na bunduki. Mimi ndio nitatembeza. Nitatembeza sufuria."

Alicheka kidogo, akakunjua kile kitambaa. "Chukua hiki cha maua. Mtoto akiwa msichana kitamfaa, akiwa kijana nani atamwona?"

Nilitaka kumuuliza kama aliwahi kuolewa, kama ana watoto, kwao hasa ni wapi. Nikaona ameshaanza kupanga masega. Nilimuuliza jambo moja tu: hutamani kwenu?

"Kwetu ni wapi?" akasema. "Natamani sauti ya baba yangu. Ndiyo sababu nikipewa maneno ya mzazi wa mtu, siyaangushi njiani."

Nilizaa msichana. Habari hiyo ilifika Matiliku mgongoni mwa yule mama, na majibu yakarudi: mama yangu aliimba palepale sokoni, mbele ya vyondo vyake, na wateja wakamsubiri amalize. Aliapa atakuja kumwona mjukuu mguu ukipona. Mguu haukupona. Mimi nami kila mwaka nilisema nitaenda, na kila mwaka kulikuwa na kitu: mtoto ana surua, mume yuko safarini, shule hainipi ruhusa, nauli imeingia kwenye mbegu. Si kwamba sikutaka. Ndivyo maisha yalivyokuwa yakipita.

Kisha ukaja ukame. Ukame kwetu si mgeni, lakini ule ulikaa. Ng'ombe walianza kuanguka, na mume wangu hakuwa na wa kuchanja, alikuwa anazunguka kutazama mizoga. Shuleni watoto waliacha kucheza. Wakati wa mapumziko waliketi tu ukutani. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada, na mama mkwe alijifanya ameshiba ili mtoto wangu apate zaidi. Nilimwona, nikaanza kumsuka nywele kila Jumapili kabla ya kanisa. Tulikuwa tumefika hapo, mimi na yeye.

Msimu wa yule mama kuja ulipita. Sikumtegemea. Nani angenunua sufuria na hana cha kuweka ndani? Hata hivyo kila nikisikia mbwa akibweka nilitoka nje.

Alikuja wakati wa jua kali zaidi, siku ambayo haikuwa yake. Nilimwona kwa mbali na sikumtambua, kwa sababu hakuwa na mzigo. Sikuwahi kumwona akitembea amenyooka. Alikuwa ameshika kibuyu cha maji tu, na ile alama ya mshipi kwenye paji lake ilionekana waziwazi, kama mfereji mdogo.

Nikakimbia kumlaki. "Mzigo uko wapi? Umeibiwa?"

"Nimeuacha Emali," akasema. Akapumua. "Leo sina kitu cha kutembeza. Nimekuja kukutembeza wewe."

Mama yangu alikuwa mgonjwa. Yule mama alikuwa amepita sokoni Matiliku na kukuta mahali pake pako wazi, akaenda hadi nyumbani, akamkuta kitandani. Mama hakumpa salamu za kuniletea. Alimwambia neno moja tu, "Mlete." Na yeye alipanda basi na kuja, hana biashara, hana hata sindano ya kuuza njiani.

Mume wangu alikuwa mbali, hakukuwa na namna ya kumpata. Kwa desturi singeweza kuondoka na mtoto bila yeye kujua. Niligeuka kumwangalia mama mkwe. Alikuwa amesikia yote. Aliingia ndani, na nilidhani ananipa mgongo kama zamani. Akatoka na kibuyu kidogo cha asali, ile ya mwisho, tuliyokuwa tunamwekea mtoto kwa kikohozi.

"Mpelekee mwenzangu," akasema. "Mwambie inatoka kwa yule aliye karibu."

Alikuwa ameyakumbuka maneno hayo miaka yote.

Safari ile naikumbuka kipande kipande. Yule mama alijua kila mtu njiani. Alijua nyumba ya kuomba maji na nyumba ya kutoomba. Alimbeba binti yangu mgongoni pale mimi niliposhindwa, na alikuwa akimwambia, "Wewe ni mzigo mzuri, husemi krang krang kama sufuria." Mwingi tulipata basi. Mle ndani nilianza kumwomba Mungu nimkute mama akiwa hai, na yule mama akanishika mkono. Alinishika tu mpaka tukafika.

Nilimkuta mama hai. Alikuwa amepungua mpaka pete ya ndoa ilifungwa kwa uzi isianguke. Mchungwa mlangoni ulikuwa umekauka upande mmoja. Nilimweka mtoto kitandani kando yake, akamshika mguu, akaupima kwa kiganja, akasema, "Huu ni mguu wa kwetu." Nilimwonjesha asali na kumpa ujumbe wa mama mkwe. Alifikiri kidogo, kisha akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi.

Nilikaa naye mpaka mwisho. Hazikuwa siku nyingi. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimsomea zaburi. Asubuhi moja kabla ya chai akina mama wa kanisa walikuja kumwimbia, na wimbo ulipokwisha wote walinyamaza, wakamsubiri. Midomo yake ilikuwa bado inatembea. Alimaliza kwa wakati wake. Alifariki siku iliyofuata, nikiwa nimemshika.

Yule mama alikuja kwenye mazishi na mzigo mgongoni, akauweka nje ya ua, akachukua jembe na kusaidia kulainisha udongo uliokuwa mgumu kama sakafu. Kisha akaenda zake sokoni. Sikumshukuru vizuri. Watu walikuwa wengi, nami nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji.

Nilirejea kwa mume wangu, na mvua ikarudi. Yule mama alikuja Nuu tena, miaka kadhaa, lakini alipokuja sasa hakusimama wima tena kukariri. Hakukuwa na maneno ya kuleta. Tuliketi, tukanywa chai, akampa binti yangu shanga. Halafu duka likafunguliwa karibu na shule, kisha la pili. Basi la kila siku likaanza, na vijana wakaja wakiuza nguo za mitumba kwa kelele. Akawa anakuja mara moja tu kwa mwaka. Kisha hakuja tena.

Nilingoja zaidi ya ilivyofaa. Likizo moja ya Agosti, miaka ya tisini tayari, nilishuka Emali makusudi nimtafute. Nilijua tu kwamba anakaa nyuma ya reli. Niliuliza kila mlango, nami nikawa nazunguka juani nikipiga hodi kwa watu nisiowajua. Mwishowe mwenye hoteli moja ndogo akaniambia, "Ah, yule mama wa sufuria. Alichukuliwa na watu wa kwao."

"Watu gani? Mimi nilidhani hana mtu."

"Walikuja na gari, wakasema walikuwa wanamtafuta tangu zamani. Mmoja wao alisema ni kaka yake. Mama alilia sana. Wakaenda naye."

"Wapi?"

Hakujua. Nyeri, labda. Ama Nyandarua. Alisema yule mama aliacha sufuria zake zote kwa majirani, akapanda gari mikono mitupu.

Niliagiza chai, nikaketi kwenye benchi la nje. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilitaka kusimama hapo barabarani niseme kwa sauti kwamba nimefurahi. Lakini pia nilikuwa nimekuja na maneno, nimeyapanga vizuri tangu Mwingi, na sikuwa na mtu wa kunipelekea.